Kufufua Boksi la Vitofali vya Utotoni: Kutoka Lundo Hadi Seti Kamili

Watu wanaonitafuta kuhusu LEGO zao za zamani, vile vitofali vya plastiki vya kupachikana, husimulia kisa kilekile. Mtu mzima, mwenye shughuli zake, amekuta boksi la utotoni juu ya kabati. Kalimwaga sakafuni, kachangamka, kaanza kujenga lile gari la zimamoto alilokuwa akilala nalo kitandani. Siku ya tatu kachoka. Vipande havitoshi, hajui vimepungua vingapi, hajui hata ni vya seti ipi, na lundo limerudi kwenye boksi pamoja na vumbi lake.

Ukimuuliza alifanyaje, utakuta bidii alikuwa nayo, ila alianza mwisho akamalizia mwanzo. Aliosha kabla ya kukagua, akapanga kwa rangi, akatafuta seti kwa vipande ambavyo kila seti inavyo, kisha akanunua kabla ya kuhesabu. Hapa chini hatua zimewekwa kwa mpangilio unaofanya kazi. Boksi la kilo mbili tatu litakuchukua wikiendi mbili, ukiwa huna haraka.

## Vitu vya kuandaa

- Shuka kubwa la rangi moja isiyo na maua. Ndilo meza yako, na ukikunja pembe nne linakuwa mfuko.
- Mabeseni mawili, chujio lenye matundu madogo, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.
- Mswaki laini wa meno ambao hauna kazi nyingine.
- Mataulo mawili na, ukiwa nayo, feni.
- Kitenganishi, yaani kile kifaa cha plastiki chenye umbo la kabari ambacho siku hizi huja ndani ya seti nyingi.
- Vikopo au trei 15 hadi 20.
- Tochi, kioo cha kukuzia, rula.
- Daftari, na simu ya kupigia picha.

Usinunue kipande chochote kwa sasa. Hata kimoja.

## Hatua ya 1: Kagua lundo likiwa kavu

Mimina kila kitu juu ya shuka na uondoe visivyohusika: sarafu, vishikizo, kalamu za rangi, karata, mende aliyekauka. Kisha tenga mambo manne yasiyotakiwa kuingia kwenye beseni.

La kwanza ni vipande vyenye stika. Stika ikiloa huinuka pembeni, na haitarudi. La pili ni vya umeme: mota, taa, vikasha vya betri, reli za treni zenye chuma. Fungua kila kikasha cha betri sasa hivi. Betri iliyosahauliwa miaka 20 huwa imevuja unga mweupe au wa kijani, na unga huo haushikwi kwa mkono mtupu. La tatu ni vitambaa, kamba na karatasi: tanga za meli, kofia za nguo, vitabu vya maelekezo hata kama vimechanika. La nne ni matairi ya mpira.

Matairi watu huyapuuza. Mpira ukilalia plastiki miaka mingi huachia mafuta yake, na plastiki iliyo chini huyeyuka kidogo na kubaki na alama yenye kunata. Tangu leo, matairi yakae kwenye kikopo chake.

Utajua umefaulu: juu ya shuka vimebaki vitofali vitupu, na pembeni una vikopo vinne ambavyo havitaona beseni.

## Hatua ya 2: Piga picha mabaki kabla ya kuyabomoa

Kwenye lundo kutakuwa na vipande ambavyo bado vimeshikana: nusu ya ukuta, pua ya ndege, kiti na usukani juu yake. Mkono utawasha kuvibomoa. Uzuie. Mabaki hayo yalijengwa na wewe au ndugu yako, pengine kwa kufuata kitabu, kwa hiyo yanashuhudia vipande gani vilikaa pamoja.

Niliwahi kubomoa kimoja: vibamba vitatu (vipande bapa vyembamba) vya kijivu, kitofali cheusi, usukani mdogo mweupe. Nikavisambaza kwenye vikopo kwa furaha ya mtu anayefanya usafi. Wiki mbili nikahangaika kutafuta sehemu ya dereva ya boti, mpaka nikaiona kwenye ukurasa wa maelekezo na kukumbuka kwamba nilikuwa nayo mkononi, nzima.

Piga kila baki picha tatu, juu, ubavuni na chini. Kisha litenganishe kwa kitenganishi: kibane kwenye vinundu (vile vidoti vilivyoinuka) vya kipande cha juu na usukume mpini chini. Vibamba viwili vilivyoshikana vikikataa, weka kitenganishi kimoja juu na kingine chini, uvipinde kuelekeana.

Onyo: kisu hukata kingo, na meno huacha alama. Vitofali vyangu vingi vina alama za meno yangu ya umri wa miaka sita, na hakuna dawa ya kuziondoa. Kuwa mwangalifu zaidi na vipande vya rangi ya kahawia na nyekundu nzito vya miaka ya karibu 2010. Hukatika kama biskuti, tena ukivivuta polepole tu.

## Hatua ya 3: Osha

Maji yawe vuguvugu, yasizidi nyuzi 40 za Selsiasi, ambacho ndicho kikomo anachotaja mtengenezaji mwenyewe. Kipimo cha nyumbani: mkono ukae ndani kwa raha. Maji ya moto hupinda vibamba vyembamba na kulegeza mshiko, na kitofali kisichoshika hakina kazi.

Vitofali vya kabla ya 1963 vitenge kabisa. Vilitengenezwa kwa selulosi asetati, plastiki inayojikunja yenyewe kadiri miaka inavyokwenda. Vya baadaye ni vya ABS, iliyo imara zaidi. Ukiona kitofali kimepinda kama kigae kilichoungua, kipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, basi.

Tia matone machache ya sabuni, weka vipande kidogokidogo, vikoroge kwa mkono, uviache nusu saa. Vitakavyoelea vina hewa iliyonaswa kwa chini. Vigeuze maji yaingie. Uchafu mkaidi hukaa pembeni mwa vinundu na ndani ya vibomba, ile mirija iliyo chini ya kitofali, huko ndiko mswaki unakotakiwa. Vipande vya uwazi kama vioo na taa vioshe peke yake na bila mswaki, maana hukwaruzika vikigusana na vingine.

Nguo za kijitu (kile kisanamu kidogo cha mtu), nyuso na vipande vyenye michoro vipitishe kwa kidole chenye sabuni tu. Gundi ya stika iliyokwisha banduka hutoka kwa tone la mafuta ya kula, halafu sabuni.

Onyo kubwa: dawa ya kuondoa rangi ya kucha yenye asetoni huyeyusha ABS. Huoni inavyoanza, unashtukia nembo imefutika na uso wa kitofali unanata. Mashine ya kufulia nayo wapo wanaoisifu, vipande vikiwa ndani ya mfuko wa neti. Nilijaribu mara moja. Vilitoka safi, na vimefifia kana kwamba vimesuguliwa kwa mchanga.

Suuza mara mbili kwa maji mapya. Maji ya mwisho yakibaki safi, umemaliza.

## Hatua ya 4: Kausha

Tandaza juu ya taulo, vinundu vikiwa juu ili maji yachuruzike kutoka vibombani, washa feni, ondoka. Siku nzima. Usitumie jua kali, oveni wala mashine ya kukaushia nywele. Ukipiga kitofali kwenye kiganja kikatoa tone, bado.

## Hatua ya 5: Panga kwa umbo

Hapa ndipo wengi huanguka, na huanguka kwa sababu rangi zinavutia. Vyekundu huku, bluu kule, picha inapendeza. Kisha unatafuta kibamba chekundu cha 1x2 (kinundu kimoja kwa viwili) ndani ya lundo la vyekundu 600, na macho hayana pa kushika, kwa sababu kila kitu ni chekundu. Geuza mambo: ukiwa na kikopo cha vibamba vya 1x2 vya rangi zote, kile chekundu kinakurukia chenyewe. Jicho huona rangi haraka kuliko umbo, kwa hiyo umbo lipange kwa mkono, rangi liachie jicho.

Anza na mafungu mapana, kisha yagawe:

1. Vitofali vya kawaida.
2. Vibamba. Ukisita, tumia rula: kitofali kina kimo cha milimita 9.6 bila vinundu, kibamba 3.2. Vibamba vitatu ni kitofali kimoja.
3. Vya mteremko, vile vya mapaa.
4. Vya Technic: vigingi, ekseli, gia, mihimili yenye matundu.
5. Milango, madirisha, vioo.
6. Magurudumu.
7. Vijitu na vyombo vyao.
8. Vya ajabu: kila usichojua jina lake.

Fungu la nane litakufanya ujione umeshindwa kupanga. Lipende, kwani hatua inayofuata inalitegemea lote.

Katika kupanga, chungulia vinundu. LEGO halisi ina jina lake juu ya kila kinundu cha kawaida. Visivyo na jina ni vya kampuni nyingine. Huenda vinashika, huenda vinalegea, lakini vikae pembeni la sivyo vitakuvurugia hesabu.

Utajua umefaulu: mtu akitaja kipande, unakipata au unajua hukina ndani ya nusu dakika.

## Hatua ya 6: Tambua seti kwa vipande vya ajabu

Kitofali cha 2x4 hakikuambii chochote. Kimo kwenye maelfu ya seti. Kinachosema ni kile kipande ambacho hata kukieleza kwa simu unashindwa: kioo cha mbele chenye mkunjo, mlango wenye nembo, fuvu, mkia wa ndege wenye maandishi.

Kigeuze, mulika kwa tochi kutoka upande, utafute namba ndogo kwa ndani, ikiwezekana kwa kioo cha kukuzia. Namba hiyo ni ya umbo. Kitofali cha 2x4, kwa mfano, ni 3001. Kibamba cha 1x2 ni 3023. Haibadiliki rangi ikibadilika, kwa hiyo andika namba na rangi pamoja.

Sasa nenda kwenye mojawapo ya hifadhi za mtandaoni ambazo wakusanyaji hutumia: BrickLink, Rebrickable au Brickset. Ingiza namba, chagua rangi, kisha uombe orodha ya seti zilizokuwa na kipande hicho. Tuseme kioo chako kilitoka katika seti 14. Chukua kipande cha pili cha ajabu unachodhani kilikaa karibu nacho, na hapa ndipo picha za mabaki zinapolipa; tuseme hicho kimo katika seti tano. Linganisha orodha mbili. Mara nyingi itabaki seti moja, na picha ya boksi ikitokea kwenye kioo cha simu utaitambua kabla ya kusoma jina. Mimi nilikaa kimya kidogo. Nilikumbuka hata upande gani wa boksi ulikuwa umebonyea.

Vipande visivyo na namba, au lundo likiwa la seti nyingi mno, punguza miaka kwanza:

- Vijitu vyenye mikono na miguu inayosogea vilianza 1978. Kabla ya hapo vilikuwa vimekakamaa.
- Nyuso zote zilikuwa tabasamu lilelile la nukta mbili na mstari, hadi maharamia walipokuja 1989 na sharubu zao na jicho lililozibwa. Ukiona kitambaa cha jicho, kijitu hicho si cha kabla ya 1989.
- Nyuso za rangi ya ngozi badala ya njano zilianza na wachezaji wa mpira wa kikapu mwaka 2003.
- Kijivu na kahawia vilibadilishwa karibu 2004. Kijivu cha zamani kina umanjano kidogo. Kipya kimeelekea ubuluu. Viweke sambamba karibu na dirisha, utaona tofauti.

Usijaribu kutambua seti zote kwa mkupuo. Chagua tatu unazozikumbuka kwa moyo, zimalize.

Maelekezo hayahitaji kununuliwa. Tovuti ya LEGO inatoa bure vitabu vya seti za tangu 1996, na vya zamani zaidi vimeskaniwa na mashabiki.

## Hatua ya 7: Jenga pungufu, andika daftarini

Mali bila daftari hupotea bila habari, na waliosema hivyo wangekuwa wakusanyaji wazuri. Chapisha orodha ya vipande vya seti au iweke kwenye simu, kisha jenga kwa kufuata kitabu ukurasa kwa ukurasa. Kipande kikikosekana, weka cha umbo lilelile cha rangi yoyote ya kelele, kama pinki au kijani cha ndimu, uandike namba, rangi na idadi daftarini.

Sababu ya kujenga badala ya kuhesabu tu ni kwamba kujenga hugundua mengi. Kitofali kilichopasuka upande mmoja hupita kwenye hesabu, lakini kikipachikwa kinateleza. Kiwiliwili cha kijitu chenye ufa mwembamba chini ya kwapa, ugonjwa wa kawaida wa vijitu vya zamani, huonekana mkono unapolegea. Navyo viandike.

Utajua umefaulu: una gari zima lenye madoadoa ya pinki na orodha isiyobahatisha. Wengi hushangaa jinsi orodha ilivyo fupi. Lundo lililoonekana limekufa huwa limepungukiwa na vipande vichache, tena vidogo, kwa sababu vidogo ndivyo vilivyomezwa na makochi na mifagio.

## Hatua ya 8: Nunua kilichoandikwa tu

Sasa fungua pochi. Vitofali vya leo hushikana na vya mwaka 1958, mwaka ambao muundo wa vinundu juu na vibomba chini uliombewa hataza, kwa hiyo cha kutazama ni rangi na hali, wala si umri.

Ingiza orodha yako kwenye sehemu ya vitu vinavyotafutwa katika BrickLink, utafute muuzaji mmoja mwenye vingi kati ya hivyo. Vipande vidogo huwa rahisi; kinachoumiza ni usafirishaji, na wauzaji watano ni usafirishaji mara tano. Kabla ya kulipa, hakikisha kijivu ni kile cha zamani kama seti yako ni ya zamani. Kosa hili nimeona likirudiwa zaidi ya yote: mtu kanunua kijivu kipya, ukuta ukawa na viraka.

Kama kipande kinajificha ndani ya ukuta, mimi huweka rangi yoyote niliyo nayo na silali macho kwa hilo. Wapo watakaoniona msaliti. Wao wana pesa zaidi yangu.

Kijitu chenye mchoro ukinunua tazama picha yake halisi, maana maelezo ya "hali nzuri" yana tafsiri nyingi. Uliza mambo matatu: nyufa kwapani, mchoro uliochujuka, mikono inayoshika au iliyolegea. Na usishawishike na lundo linalouzwa kwa kilo eti huenda kipande chako kimo. Huenda kimo. Utarudi hatua ya kwanza na kilo nne za vitofali vya mtu mwingine.

## Kama vimegeuka njano

Vyeupe na kijivu huwa njano, bluu huelekea kijani. Chanzo kikubwa ni mwanga wa jua na miale yake ya urujuanimno. Sabuni haiondoi, kwa kuwa si uchafu. Plastiki yenyewe imebadilika.

Kinachosaidia ni hidrojeni peroksidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa. Vaa glovu, zamisha vipande kwenye chombo cha plastiki angavu, weka juani kwa saa kadhaa ukivikoroga kila saa. Mfuniko usibane, kwa sababu hewa ya oksijeni hutoka na chombo kinaweza kufumuka. Vyenye stika, michoro au chuma visiingie. Maji yakianza kupata moto, sogeza kivulini.

Acha rangi inapokaribia tu ya awali. Ukizidisha, kipande kinakuwa na mabaka meupe na kinaweza kuwa dhaifu. Umanjano pia unaweza kurudi baada ya miaka. Kwa gari nililochezea mwenyewe, siku hizi naliacha na njano yake. Kwa seti niliyoinunua, nasafisha.

## Kuviweka baada ya hapo

Rafu mbali na dirisha, kabati lenye kioo kama unachukia kupangusa vumbi. Brashi laini ya kupakia rangi hufikia kati ya vinundu kuliko kitambaa. Usitie gundi popote, hata pale panapoanguka kila mara. Tafuta kitofali chenye mshiko mzuri ukibadilishe. Magari ya zamani yainue kidogo, matairi yasilalie kibamba.

Wenye watoto wadogo watenge vyekundu na vya njano vya miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980. Baadhi vilitiwa rangi yenye kadimiamu, metali yenye sumu, na mtoto wa umri wa kutia kila kitu mdomoni hafai kuachiwa.

Vilivyobaki bila seti virudishe kwenye boksi vikiwa vimepangwa kwa umbo, kila fungu na mfuko wake, na karatasi juu yenye namba za seti ulizokwisha kumaliza. Kisha kabla ya kufunga, papasa pembe za boksi kwa kidole, chini ya mikunjo ya karatasi ngumu. Usukani wangu wa pili, ule niliokuwa nimeuagiza siku mbili kabla, ulikuwa hapo.